Kurudi Chuoni Ukubwani Kusomea Fani ya Afya: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma na Mikoa ya Kati

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye umri wa kati ya miaka 28 na 45, mwenye kazi, shamba, duka au familia, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akijiuliza kama bado anaweza kusomea utabibu, uuguzi, famasi au hata udaktari. Ninaandika kama mtu aliyeipita njia hiyo. Kwa miaka tisa niliuza dawa katika duka la dawa muhimu pale Kibaigwa, jirani na soko la mahindi. Nikiwa na miaka 33 nilirudia masomo ya sayansi ya kidato cha nne, mwaka uliofuata nikaanza Stashahada ya Utabibu, na sasa ninafanya kazi katika zahanati ya kijiji wilayani Chamwino. Wengi wanaonijia kuomba ushauri huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani. Mimi huwaomba kwanza waniambie tarehe yao ya kuzaliwa na matokeo yao ya kidato cha nne, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua njia, na aliyelipa ada kabla ya kuyapima anaweza kumaliza chuo vizuri na bado akakuta mlango alioutaka umekwisha kufungwa.

Hatua ya kwanza: hesabu miaka yako kabla ya fedha zako

Kujiunga na kozi ya afya kunategemea ufaulu, na katika darasa letu tulikuwa watu watano tuliovuka miaka 30. Umri huanza kuhesabika kwenye mambo mengine mawili. La kwanza ni mkopo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea mwombaji asiyezidi miaka 35 wakati wa kuomba, na asiyekuwa na ajira rasmi inayompa kipato. La pili ni ajira ya serikali: matangazo ya kazi katika utumishi wa umma humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa wale ambao tayari wako kazini serikalini, na umri wa kustaafu kwa lazima kwa kada zetu ni miaka 60. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi hazifungwi na kikomo hicho cha 45, lakini mwajiri mkubwa wa zahanati na vituo vya afya vya vijijini katika mikoa yetu ni halmashauri.

Chukua karatasi uandike miaka yako katika safu moja na hatua za masomo katika safu nyingine. Tuseme una miaka 36 na ni mwezi Januari, na cheti chako cha kidato cha nne kina F katika Kemia na Fizikia. Utasoma kuanzia sasa hadi Oktoba, ufanye mtihani Novemba, upate matokeo karibu na Januari ukiwa na miaka 37, uombe chuo katikati ya mwaka huo na uingie darasani Septemba au Oktoba. Stashahada ni miaka mitatu, kwa hiyo utamaliza ukiwa na miaka 40, na bado utakuwa na miaka mitano ya kutafuta ajira ya serikali. Hesabu hiyo inakubalika.

Sasa ifanye hesabu hiyohiyo kwa mtu yuleyule anayetaka kuwa daktari kwa kupitia kidato cha sita. Baada ya kurekebisha kidato cha nne anahitaji walau miaka miwili ya Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, kisha miaka mitano ya Shahada ya Udaktari wa Binadamu, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini chini ya usimamizi. Hata kila kitu kikienda bila kukwama hata mara moja, atakuwa amegusa miaka 45 siku anayokamilisha utarajali. Mtu mwenye miaka 26 au 28 anaweza kuichukua njia hiyo. Kwa aliyevuka miaka 33 ushauri wangu hauna kigugumizi: ingia kwa mlango wa stashahada, upate leseni, uajiriwe, halafu uombe ruhusa ya kwenda kusoma shahada ukiwa ndani ya utumishi, ambako kikomo cha miaka 45 hakikuhusu tena. Njia hiyo inaonekana ndefu zaidi kwa hesabu ya jumla, lakini tangu mwaka wa nne au wa tano unakuwa tayari unatibu watu na unalipwa.

Hatua ya pili: ijue kazi yenyewe kabla ya kuchagua fani

Watu wengi husema wanataka kuwa madaktari kwa sababu daktari ndiye mtu wa afya wanayemfahamu kwa jina. Nenda kwenye zahanati iliyo karibu nawe, umwombe mganga mfawidhi akuruhusu uketi mapokezi na kwenye chumba cha kliniki ya mama na mtoto kwa siku mbili, kwa kuheshimu faragha ya wagonjwa. Utaona kuwa tabibu na muuguzi ndio wanaobeba karibu kazi yote ya kituo. Tabibu anamhoji mgonjwa, anampima, anaamua ugonjwa na kuandika dawa. Muuguzi anachoma sindano, anazalisha, anatoa chanjo, anasafisha vidonda, na usiku ndiye anayebaki na mgonjwa. Mtu wa maabara anashinda na hadubini na vipimo, na mtu wa famasi anashughulika na dawa, hesabu za dawa na maelezo kwa wagonjwa. Ziko pia fani zisizojulikana sana vijijini, kama fiziotherapia (kurejesha nguvu za viungo kwa mazoezi), tiba kwa vitendo (kumsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku), optometria (kupima macho) na mionzi, ambazo wataalamu wake ni wachache kuliko mahitaji.

Kwangu mimi famasi ndiyo iliyoonekana njia ya kawaida, kwa kuwa nilikuwa nimezoea dawa. Nilichagua utabibu kwa sababu miaka yote ile dukani kilichoniuma ni kuwa mama anakuja na mtoto anayepumua kwa shida, na mimi nina uwezo wa kumuuzia tu, sina ujuzi wa kumpima wala ruhusa ya kumtibu. Wewe tafuta sababu yako mwenyewe, ila iwe imetokana na kazi uliyoiona kwa macho.

Kama huna uhakika kabisa, na una elimu ya kidato cha nne, fuatilia nafasi za wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa au kitongoji chako. Mpango wa taifa wa wahudumu hao ulizinduliwa Januari 2024, na mafunzo yake huchukua miezi, si miaka. Mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba akifuatilia wajawazito na watoto wenye utapiamlo huwa anajua vizuri kama kazi hii inamfaa.

Hatua ya tatu: rekebisha cheti chako cha kidato cha nne

Hapa ndipo safari nyingi hufa, na ndipo ninapotaka usome polepole.

Stashahada ya Utabibu na ile ya Uuguzi na Ukunga humtaka mwombaji awe na ufaulu wa walau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Famasi hudai Kemia na Biolojia ndani ya masomo hayo manne. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza inayokupa nafasi nzuri zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye F ya Hisabati anaweza kuingia chuo cha utabibu, na wengi huishia hapo, wakifurahi kwamba Hisabati imewaacha salama. Lakini tazama mbele kidogo. Tabibu anayetaka kusomea udaktari baadaye huhitaji wastani wa B au GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.0 katika stashahada yake, na pamoja na hayo awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Nimewaona matabibu wazuri, wenye GPA ya juu na uzoefu wa miaka sita, wakilazimika kurudi kufanya mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne wakiwa na miaka 40 na zaidi. Kama unarudia masomo ya sayansi sasa, ongeza Hisabati na Kiingereza katika mtihani wa mwaka huohuo. Ni uchungu wa mara moja.

Mtihani unafanywa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na hufanyika kupitia kituo kinachotambuliwa, ambacho mara nyingi ni shule ya sekondari. Anayechelewa hulipa na faini. Aliyeishia darasa la saba huanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa wengi kama QT, kisha hufuata wa kidato cha nne, kwa hiyo aongeze mwaka katika ile karatasi ya hesabu.

Alama ya D huanzia 30 kati ya 100. Nilipoliona jambo hilo nilipata nguvu, kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kuwa Fizikia ni ya watu wa aina nyingine. Lakini usilenge 30. Lenga 50, ili siku ya mtihani ikikuharibikia bado ubaki ndani. Mpangilio uliotusaidia mimi na wenzangu wanne tuliosoma pamoja ulikuwa huu. Januari hadi Machi tulisoma Biolojia, kwa sababu mtu mzima anayejua kusoma kwa utulivu anaweza kuipata kwa kitabu bila mwalimu. Aprili hadi Juni tulikuwa na Kemia, tukilipia mwalimu mara mbili kwa wiki, na muda mwingi ukaenda kwenye hesabu za moli na uchambuzi wa myeyuko wa asidi na besi. Julai na Agosti tulishika Fizikia. Septemba na Oktoba hatukusoma mada mpya hata moja. Tulifanya mitihani iliyopita ya miaka kumi, kwa kutazama saa, tukisahihishana. Vitabu vya kiada vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mitihani ya nyuma imo katika tovuti ya NECTA.

Usikwepe maabara. Mtu aliyesoma kemia kwenye karatasi tu hajui bureti inavyoshikwa. Mwendee mkuu wa shule ya sekondari iliyo karibu, kwa heshima na kwa barua, uombe siku chache za jioni au Jumamosi, na ujitolee kulipia kemikali mtakazotumia. Sisi tulikubaliwa katika shule ya pili tuliyoiomba.

Hatua ya nne: weka majina na nyaraka sawa

Kazi hii ni ndogo ukiifanya mapema na ni kubwa ukiingoja. Majina katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule yanapaswa kufanana, hata herufi kwa herufi. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake walioandikisha NIDA kwa jina la mume na watu ambao shuleni waliandikwa jina la babu. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani. Kubadili jina kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyepoteza cheti cha kidato cha nne aanze kwa taarifa ya upotevu polisi na tangazo gazetini, kisha aombe NECTA. Vyote hivyo huchukua wiki au miezi, na dirisha la udahili halimngoji mtu.

Hatua ya tano: chagua chuo kwa kukitembelea

Kozi za cheti na stashahada husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, na kozi za shahada husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kila mwaka taasisi hizo hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili chenye majina ya vyuo, kozi zilizoidhinishwa, sifa na ada. Chuo cha afya kilichosajiliwa kina namba inayoanza na REG/HAS. Angalia vitu viwili: jina la chuo, na jina la kozi yenyewe chini ya chuo hicho, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha famasi lakini kikatangaza na utabibu ambao hakijaruhusiwa. Mimi nililipa fedha ya fomu katika chuo kimoja, nikaja kugundua baadaye kuwa kozi niliyoiomba haikuwamo kwenye orodha. Fedha haikurudi. Tangu hapo simwambii mtu alipe chochote kabla hajaiona kozi yake kwa macho katika mwongozo wa mwaka husika.

Dodoma ina bahati ya kuwa na njia nyingi karibu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinafundisha udaktari na uuguzi, na wanafunzi wake wana Hospitali ya Benjamin Mkapa palepale kilimani. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichopo eneo la iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, kina uuguzi na famasi. Mvumi kuna chuo kilichokaa ubavuni mwa hospitali yake ya miaka mingi, na Itigi, kwa ndugu zetu wa Singida, kuna chuo kinachoegemea Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Viko na vyuo vingi binafsi mjini.

Ukitembelea chuo, usishangae majengo. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, pembeni, maswali haya: mnafanyia mazoezi hospitali gani, na mnakuwa wanafunzi wangapi kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja? Wangapi walifaulu mtihani wa mwisho mwaka jana bila kurudia? Walimu wanakaa au wanabadilika kila muhula? Hospitali yenye wagonjwa wengi na wanafunzi wachache itakufundisha kuliko ukumbi wenye kiyoyozi. Mtu mzima hana miaka ya kupoteza katika chuo ambacho atatoka nacho cheti bila mikono.

Hatua ya sita: fedha, na msimu wa kilimo

Chukua mfano huu, kisha weka namba zako. Ada 1,500,000 kwa mwaka. Chumba 50,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, yaani 500,000. Chakula 5,000 kwa siku kwa siku 300, yaani 1,500,000. Sare, bima, michango ya mitihani, nauli, vitabu, stetoskopu na mashine ya presha, tuseme 500,000. Jumla ni 4,000,000 kwa mwaka mmoja, na mtu ana miaka mitatu. Ada iliyoandikwa kwenye tangazo ni chini ya nusu ya gharama, na hilo ndilo linalowarudisha watu nyumbani mwezi Machi. Usiingie darasani ukiwa na ada ya muhula wa kwanza pekee. Uwe na gharama zote za mwaka wa kwanza, na uwe unajua kwa uhakika za mwaka wa pili zitatoka wapi.

Kwa mkulima wa mikoa ya kati, kalenda ya chuo inasaidia upande mmoja na kuumiza upande mwingine. Mwaka wa masomo huanza karibu na Septemba au Oktoba, wakati ambapo alizeti na mahindi yameshauzwa na mavuno ya zabibu ya nusu ya pili ya mwaka yametoka, kwa hiyo fedha ya muhula wa kwanza ipo. Mvua zetu, ambazo ni za msimu mmoja, huanza karibu na Desemba, na hapo ndipo palizi na kupanda hugongana na mitihani ya muhula. Usijidanganye kuwa utatoka darasani Ijumaa ukalime hadi Jumapili. Nilijaribu muhula wa kwanza, nikapata alama mbaya kuliko zote za miaka mitatu. Mwaka uliofuata nililikodisha shamba kwa makubaliano ya kugawana mavuno, nikapata kidogo, lakini nilifaulu.

Kuhusu mikopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa stashahada katika kozi za kipaumbele, zikiwamo baadhi za afya. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kama kozi yako imo, na ukumbuke kikomo cha miaka 35. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya miradi, hasa ya vikundi. Usiichukue ukalipia ada, kwa maana utawaingiza wenzako katika deni lisilo lao. VICOBA na SACCOS zinafaa kwa dharura ya muhula. Ile mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina la kausha damu iache kabisa, hata kama mtihani ni kesho na hujalipa. Nenda kwa mhasibu wa chuo uombe kuandikishana. Wengi hukubali wakiona umekuja mwenyewe mapema.

Kama umeajiriwa serikalini, kwa mfano wewe ni mwalimu au mtendaji wa kijiji, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi. Kuondoka kimyakimya ni utoro kazini, na unaweza kufukuzwa kazi. Ukimaliza na kupata leseni, utaomba kubadilishwa kada, na kwa utaratibu huo unabaki mtumishi.

Hatua ya saba: zungumza na nyumba yako kwa tarehe

Mama mkwe wangu aliniuliza, "Mwanangu, utasoma hadi lini?" Nilimjibu, "Mama, hadi Agosti ya mwaka wa tatu kuanzia huu, na likizo nitakuwa nyumbani Desemba na Julai." Nilikuwa nimeandika kila kitu: nani atawapeleka watoto kliniki, nani atashika ufunguo wa ghala, na baba watoto atapika siku gani. Alinyamaza, kisha akasema atakuja kukaa na mdogo hadi atakapoanza shule. Nadhani angekataa kama ningemjibu kwa ndoto.

Hatua ya nane: andaa kichwa miezi mitatu kabla

Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na miaka ya kuzungumza Kiswahili na Kigogo hukausha kile kidogo tulichokuwa nacho. Soma ukurasa mmoja wa Biolojia kwa Kiingereza kila siku, kwa sauti, ukiandika maneno usiyoyajua.

Jambo la pili ni hesabu za dawa. Mtoto ana kilo 12, na paracetamol hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi yake ni miligramu 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Utampa mililita 7.5. Mfano mwingine: mililita 1,000 za maji ya mshipani ziingie kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone 20,000 yakigawanywa kwa dakika 480, yaani karibu matone 42 kwa dakika. Fanya hesabu za namna hiyo tano kila jioni hadi zisikutetemeshe, kwa sababu wodini utazifanya mgonjwa akikutazama.

Hatua ya tisa: darasani na wodini

Wenzako watakuwa na miaka 19 na watakuamkia "shikamoo, mama" kila asubuhi. Itikia kwa upendo, kisha ingia katika kikundi chao cha kujisomea kama mwanafunzi, uulize maswali ya mwanafunzi. Wao wanakumbuka haraka, wewe unajua kukaa na mgonjwa. Mkibadilishana, wote mnafaulu. Mwalimu anaweza kuwa mdogo kuliko mdogo wako wa mwisho. Mwite mwalimu.

Kabla ya kuingia wodini pata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo usiianze wiki moja kabla ya mazoezi. Nunua viatu vyema vilivyofungwa mbele. Zamu ya usiku humchosha zaidi mtu wa miaka 38 kuliko wa miaka 20, hivyo panga kulala mchana baada ya zamu na usikubali shughuli ya familia siku hiyo.

Utapita idara mbalimbali, na wengi wanaosomea hapa hupelekwa pia Hospitali ya Mirembe kujifunza afya ya akili. Ingia kule kwa moyo mweupe. Mimi nilienda na hofu niliyolishwa tangu utotoni, na nikatoka nikiwa najua namna ya kuzungumza na mgonjwa anayesikia sauti asizozisikia mwingine, ujuzi ninaoutumia hadi leo zahanati. Na kama unajua Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe, uitumie lugha hiyo bila haya. Bibi aliyeshindwa kueleza maumivu yake kwa Kiswahili atakueleza kila kitu, na nusu ya ugunduzi wa ugonjwa hutoka katika maelezo.

Hatua ya kumi: leseni na ajira

Cheti cha chuo hakikuruhusu kutibu. Tabibu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, mtu wa famasi na Baraza la Famasi, na kila baraza lina masharti yake ya leseni. Anza maombi mara tu matokeo yanapotoka.

Ajira haiji yenyewe. Nafasi za halmashauri zilikuwa zikitangazwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, lakini siku hizi hupitia zaidi Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi. Fungua akaunti katika mfumo wa Sekretarieti mapema, na ufuatilie pia matangazo ya TAMISEMI. Wakati unasubiri, omba kujitolea kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, au tafuta kazi katika hospitali za mashirika ya dini, ili mikono isisahau. Usifungue chumba cha kutibia nyumbani kwako, hata majirani wakikusihi kwa machozi. Kutibu katika kituo kisichosajiliwa kunaweza kukupotezea leseni uliyoihangaikia.

Mimi nilijitolea mwaka mmoja na nusu, nikaajiriwa nikiwa na miaka 39. Barua ilinipa siku 14 za kuripoti. Kwa hiyo weka katika faili moja, tangu sasa, vyeti halisi vya shule na chuo, cheti cha kuzaliwa, NIDA, leseni, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki, na faili hilo likae mahali ambapo mtu mwingine nyumbani anapajua, kwa kuwa siku jina lako linapotoka unaweza kuwa uko zamu Mpwapwa na basi la kurudi ni la kesho.